Mwalimu Vizibo na Ubeti wa Watu Sitini na Wanne

Wa kwanza niliyemwona katika watu wa Mwalimu Vizibo alikuwa mama mkwe wake. Alikuwa akitembea kando ya ukumbi wa sherehe, saa nne asubuhi, ameshika fimbo yenye kamba, na mwisho wa kamba ile kulikuwa na sumaku nyeusi iliyong'olewa kwenye spika mbovu. Aliipitisha juu ya mchanga taratibu, kama mtu anayepiga pasi. Kila baada ya hatua mbili tatu, kizibo cha soda kiliruka kikanasa, tak, naye akakibandua na kukitia mfukoni mwa aproni yake. Vijana waliokaa kwenye ngazi za ukumbi walikuwa wamemzoea.

"Bibi Sumaku! Leo umepata dhahabu?"

"Dhahabu hainasi kwenye sumaku, mjukuu wangu. Ungekuwa umesoma kwa mkwe wangu ungelijua hilo."

Walicheka, na mmoja akainuka kumwokotea vizibo viwili vilivyojificha chini ya ngazi.

Nilikuwa hapo kwa sababu gurudumu la sanduku langu la safari lilikuwa limekatika, na mtu wa tatu niliyemuuliza aliniambia nimfuate bibi yule, maana mwanawe ni fundi baiskeli na hakuna kitu chenye gurudumu kinachomshinda. Nilimfuata. Karakana ya mwanawe ilikuwa chumba kimoja chenye harufu ya gundi na mpira, na juu ya mlango palining'inia gurudumu la baiskeli lisilo na tairi, limebanwa vibanio vya nguo kwenye kila spoku. Kila kibanio kilishika kipande cha boksi chenye neno. Nilisoma matatu: *kauka, nong'ona, ng'ang'ania*. Nikauliza bei.

"Hilo haliuzwi," fundi alisema bila kuinua kichwa. "Lilikuja kunyooshwa tu. Ni mali ya kazini kwa mke wangu."

Ndivyo nilivyofika kwa Mwalimu Vizibo. Sanduku langu lilitengenezwa kwa robo saa. Mimi nilikaa siku tisa. Niliyoyaandika hapa nimesimuliwa na yeye, na mumewe, na mama mkwe, na makamu wa mwalimu mkuu, na mengine nimeyaona kwa macho yangu mwenyewe. Wote wanne walikubaliana juu ya kila jambo, isipokuwa nani alicheka kwanza.

Ni mwanamke wa miaka arobaini na sita, mfupi, mwenye sauti inayofika nyuma ya darasa bila kupandishwa. Amefundisha Kiswahili miaka ishirini na miwili. Mama yake alikuwa dobi asiyejua kusoma, lakini alikuwa na neno lake kwa kila doa: la chai, la kutu, la jasho, la wino, kila moja na jina lake na dawa yake. "Mimi nilidhani watu wote wana mama wa namna hiyo," aliniambia. "Nilipoanza kazi nikakuta watoto wana neno moja tu, 'uchafu'. Nikasema, hawa wameibiwa."

Shule yake ya kwanza ilimpa watoto hamsini na kitabu kimoja. Kimoja, kwa darasa zima, kimevalishwa gazeti kisichafuke. Kwa mwezi mzima aliwasomea kwa sauti nao wakaitikia kama kwaya, kisha akagundua kuwa wanaitikia hata akisoma upuuzi. Siku iliyofuata alikuja na wembe. Alikichana kitabu kurasa zote, akampa kila mtoto ukurasa mmoja, akasema: "Huo ni wako. Ujue kila neno lililomo. Mwenzako akitaka kujua kilichoandikwa hapo, atakuja kwako."

Katika wiki sita kila mtoto alikuwa ameutembelea ukurasa wa kila mtoto. Mwalimu mkuu wa wakati ule hakuona hilo. Aliona jalada tupu, akampa barua ya onyo kwa kuharibu mali ya shule. Barua hiyo anayo mpaka leo, na nyuma yake ameandika orodha ya maneno yanayoanza na *gh*.

Nimeketi katika madarasa ya lugha nyingi, mengine yenye viti vya kuzunguka na ramani zinazowaka taa, na karibu kote nimekuta ugonjwa ule ule: mwalimu ana maneno, mtoto ana daftari, na maneno yanahama kutoka ubaoni kwenda daftarini bila kupita kichwani mwa mtu. Mwalimu Vizibo ameyafanya maneno yapite kwa watu. Hiyo ndiyo kazi yake yote, na nitaieleza kidogo, kwa sababu bila kuielewa huwezi kuelewa balaa la Jumapili ile.

Darasa lake la sita lina watoto sitini na wanne. Kila mtoto anamiliki maneno saba, yameandikwa kwenye vipande vya boksi la sabuni. Mbele kuna neno. Nyuma kuna jina la mwenye neno, maana kwa maneno yake mwenyewe, na sentensi moja aliyoitunga. Mtoto mwingine akilitaka neno lile kwa insha au shairi, lazima amwendee mwenyewe na kuliomba. Mwenye neno anaeleza, mwombaji anatunga sentensi yake papo hapo, na ikikubalika, kadi inahama mkono mpaka mwisho wa siku. Nimeona mtoto akinyimwa neno *fahari* mara tatu kwa sababu sentensi zake zilikuwa mbovu. Ya nne akapewa, akatembea nalo kama mwenye gari jipya.

Na vizibo? Kizibo kimoja ni mizani moja. Mtoto anayetunga shairi anapanga vizibo mezani, vinane, nafasi, vinane tena. Kila kipande cha neno kinachotamkwa kinagusa kizibo kimoja kwa kidole. Kizibo cha nane na cha kumi na sita ni vyekundu, maana hapo ndipo vina vinapokaa. Kikibaki kizibo, mshororo umepungua. Kidole kikikosa kizibo, umezidi. Hakuna haja ya kueleza sana. Hata mtoto aliyeshindwa kila kitu anaona kwa macho kwamba kizibo kimoja kimeachwa peke yake.

Darasa lenyewe lina safu nne za madawati, kila safu madawati manane, kila dawati watoto wawili. Yaani kila safu watu kumi na sita. Alipoligundua hilo, miaka mitatu iliyopita, alicheka peke yake mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Safu nne, kumi na sita kila moja: mishororo minne, mizani kumi na sita. "Darasa langu ni ubeti mmoja kamili," huwaambia. Wakati wa kuita majina, akikosekana mtu husema, "Leo ubeti unachechemea," na kizibo kimoja huwekwa mahali pa asiyekuwepo kumshikia nafasi mpaka arudi. Wa mwisho kabisa, dawati la nyuma la safu ya nne, ni msichana mdogo ambaye wenzake wamempa jina la Nukta, kwa sababu baada yake hakuna mtu.

Daftari? Daftari zipo, moja kwa kila mtoto, lakini hazina mengi. Kazi ya kila siku inaandikwa kwenye maboksi, kwenye vibao, kwa chaki sakafuni. Daftarini inaingia ile tu iliyosahihishwa mara tatu. "Daftari ni nguo ya kutokea," anasema. "Hupikii nayo."

Hapo ndipo lilipokuwa tatizo lake na mkaguzi.

Mkaguzi wa shule zile ni mwanamume mrefu, mkimya, mwenye mikono misafi mno. Hana ubaya. Ana akili, na akili yake yote iko kwenye daftari. Amejua zamani kwamba walimu hujaza kurasa za mwanzo na za mwisho kabla hajafika, kwa hiyo yeye hulifungua daftari katikati. Mwaka juzi aliyafungua ya darasa la sita katikati, akakuta weupe. Akaandika: *Hakuna kumbukumbu za kazi. Mwalimu anachezea takataka.* Mwalimu mkuu, ambaye naye ana wakubwa wake, alimwita Mwalimu Vizibo ofisini na kumwambia waziwazi: taarifa nyingine kama hii, darasa la sita linapewa mwalimu wa darasa la tano, yule anayejaza ubao mara nne kwa kipindi, na yeye anahamishiwa stoo, kutunza madawati mabovu na mipira isiyo na upepo.

"Stoo ni kazi kama kazi nyingine," mwalimu mkuu alisema.

"Madawati hayatungi mashairi, Mkuu."

"Basi yaonyeshe kwenye daftari hayo mashairi."

Mumewe alimshauri awanakilishe watoto chochote, kurasa hamsini, basi. Mama mkwe alimshauri amloge, kisha akasema alikuwa anatania. Yeye alikataa yote mawili. "Mtoto akinakili wiki mbili ili kumdanganya mtu mzima, nitakuwa nimemfundisha nini?" Alikuwa na mpango wake. Mkaguzi angekuja Jumatatu. Angemkuta kila mtoto na kadi zake, vizibo vyake, gurudumu la maneno likizunguka, na kazi ingejisemea. Alikuwa na uhakika. Ijumaa alifagia, akafunga darasa, akaenda zake.

Jumapili mchana makamu wa mwalimu mkuu alilifungua.

Lazima niseme kwamba Makamu ni mwanamke mwema. Ni mmoja wa wale wanaokumbuka siku za kuzaliwa za watu wote, na meza yake ofisini ina ua la plastiki linaloogeshwa kila Ijumaa. Alikuwa amesikia habari za stoo na zilimnyima raha. Alitaka kumsaidia mwenzake. Akaja na mlinzi, nyundo, misumari, rangi nyeupe, na sufuria ya gundi ya unga wa ngano aliyoikoroga mwenyewe, wakafanya kazi mpaka jua linazama.

Jumatatu, nusu saa kabla ya kengele, Mwalimu Vizibo alifungua mlango akasimama.

Kadi zote, mia nne na arobaini na nane, zilikuwa zimebandikwa ukutani kwa mpangilio wa alfabeti, safu zimenyooka kama makaburi ya askari. Migongo ya kadi, yaani majina, maana, sentensi, vyote vilikuwa vimelala kwenye gundi iliyokauka usiku kucha. Gurudumu lilikuwa limepakwa rangi nyeupe na kutundikwa juu ya dirisha bila vibanio, kama taji. Na mbele, juu ya ubao, palikuwa na bango la mbao, na juu ya mbao ile vizibo elfu moja na kitu, kila kimoja kimepigwa msumari katikati, vikiandika: KARIBU MKAGUZI. Vizibo vyekundu vyote vilikuwa vimekwenda kwenye K.

Makamu alikuwa amejificha nyuma ya mlango ili amshtue.

"Umeona? Umeona nilivyokupambia, mwenzangu?"

"Nimeona."

"Basi sema kitu!"

"Nakosa neno."

"Wewe! Wewe ukose neno!" Makamu alipiga makofi kwa furaha. "Mgeni njoo mwenyeji apone. Akiingia tu, macho yake yatakwenda pale."

Mwalimu Vizibo aliingiza ukucha chini ya kadi moja akavuta. Uso wa kadi ulitoka na neno *subira*. Mgongo wake ukabaki ukutani. Hapo Makamu aliuona mgongo ule, maandishi ya mtoto yaliyochanika, na taratibu uso wake ukabadilika.

"Mungu wangu. Kulikuwa na maandishi nyuma?"

"Kulikuwa na maandishi nyuma."

"Na hivi vizibo... mnavitumia?"

"Kila siku, dada yangu."

Makamu alikaa kwenye dawati la kwanza akashika kichwa. Alianza kusema atakwenda kwa mkaguzi mwenyewe, atalibeba kosa, atasema ni wasichana wa usafi waliofanya, hapana, atasema ukweli, na machozi yalikuwa karibu. Mwalimu Vizibo alimshika bega. Alikuwa na hofu, hakunificha hilo. Aliiona stoo wazi, na harufu yake. Lakini kengele ilikuwa inalia, na watoto walikuwa wanaingia.

Waliingia wakasimama, wakitazama kuta. Mmoja, mwenye sauti nzito kuliko umri wake, ambaye wote humwita Mzee, aliuliza, "Mwalimu, nani ametuibia maneno yetu akatubandikia?"

"Hakuna aliyeiba. Vitu vyetu vimekwenda kuwa mapambo, kwa nia njema. Je, na ninyi mmekuwa mapambo?"

"Hapana!"

"Wewe, *ustahimilivu* ni neno la nani?"

"Langu," alisema msichana wa safu ya pili, bila kutazama ukuta. "Ni kuendelea kubeba wakati mkono umeshaanza kulalamika."

"Basi hamadi ni iliyo kibindoni. Kaeni."

Aliita majina. Waliitikia mmoja mmoja, mpaka mwisho, na mwisho hapakuwa na jibu. Nukta alikuwa nyumbani, jino limemvimbisha shavu. Mwalimu alinyoosha mkono kwenye mkebe wa vizibo, kama siku zote, ukakuta mkebe mtupu. Dawati la nyuma lilibaki na nafasi wazi.

Mkaguzi aliingia saa mbili kamili. Alilitazama bango, akainamisha kichwa kumpa shukrani Makamu aliyekuwa amesimama mlangoni kama mtu anayengoja hukumu, akaenda moja kwa moja kwenye daftari. Akalifungua katikati. Weupe. La pili, weupe. La tatu. Akatoa kalamu.

"Mwalimu, tulizungumza jambo hili."

"Tulizungumza, Bwana Mkaguzi. Daftari la mwanafunzi wangu ni nguo ya kutokea."

"Hata nguo ya kutokea huvaliwa mara moja moja."

"Basi tupe pa kwenda," alisema. "Tupe mada, yoyote, sasa hivi. Ukiona hawajui, andika unavyotaka, nami nitakubebea kalamu."

Mkaguzi alitazama darasa zima akitafuta kitu ambacho hakuna mtu angeweza kuwa amekiandaa. Macho yake yaliishia kwenye kona.

"Ufagio," alisema.

Sitini na watatu waliugeukia ufagio. Ulikuwa umechakaa upande mmoja, kama mtu aliyelalia nywele.

"Vizibo hatuna," alisema mwalimu wao. "Simameni. Leo kila mtu ni kizibo. Safu ya kwanza, mshororo wa kwanza."

Madawati yalikwaruza sakafu. Safu ya kwanza walinong'onezana vichwa vimegusana, wakahesabiana mabegani, kisha wakajipanga ukutani na kila mmoja akatamka kipande chake, kutoka kulia mpaka kushoto, kama ndoo inayopokezwa:

*Ufagio wa pembeni, unaona yetu yote.*

Kumi na sita, sawa. Wa nane na wa kumi na sita walinyoosha mikono juu: *ni, te*. Safu ya pili walianza kwa kishindo, *Wafagia darasani, vumbi na takataka zote*, lakini walipofika mwisho yule wa kumi na sita alisema *zo*, na *te* ikabaki hewani.

"Te hana mtu!" darasa lilipiga kelele.

"Te ni yatima," alisema Mzee kwa huzuni.

"Tafuteni neno fupi kuliko takataka," alisema mwalimu. "Nani mwenye *uchafu*?"

Mvulana mmoja aliinua mkono kwa aibu huku wenzake wakimzomea, "Mwenye uchafu! Mwenye uchafu!" Akajibu kwamba hata wao wanao, ila yeye ana hati yake. Alieleza maana, aliombwa kwa sentensi, akalitoa. *Vumbi na uchafu wote.* Kumi na sita.

Safu ya tatu walitaka kusema kwamba ufagio haungoji kuambiwa ahsante, wakamtuma mjumbe kwa msichana wa safu ya kwanza mwenye neno la maana hiyo. Msichana akauliza kama muuza duka: "Unataka *shukrani* au *shukurani*? Hiyo ya kwanza mizani tatu, ya pili nne." Wakahesabu vidole. Wakachukua ya nne:

*Haungoji shukurani, watufaa siku zote.*

Mkaguzi alikuwa ameacha kuandika. Makamu anasema aliona hivyo. Mwalimu anasema hakuona kitu, alikuwa anaitazama safu ya nne. Mzee ndiye aliyewapa kituo chao, mshororo wa kufungia. Aliuendea ufagio, akaunyanyua kwa upande wake uliochakaa, akatikisa kichwa:

*Ukivunjika, jamani, tutafagia na nini?*

Darasa zima lilicheka. Hapo ndipo wanapobishana nani alicheka kwanza. Makamu anaapa ni mkaguzi. Lakini walipojipanga ukutani, *tu, ta, fa, gi, a, na, ni*, kicheko kilikatika. Wa mwisho hakuwepo. Mshororo ulikuwa na watu kumi na watano.

"Mwalimu, mimi nitasema mbili," alijitolea Mzee.

"Mtu mmoja, mizani moja. Ukipewa mbili, mwenzio akirudi atakuta umemla."

Alitazama mlangoni. Makamu alirudi nyuma hatua moja na kugusa koo lake: "Mimi nina kikohozi." Basi mwalimu akageuka. Aliniambia kwamba kitu kimoja alikijua kwa yakini: ubeti ule ulikuwa mzuri, na ubeti mzuri hauachwi unachechemea kwa sababu ya woga wa mtu mzima.

"Bwana Mkaguzi, mwanafunzi wetu wa mwisho ana jino. Tunaomba utushikie nafasi yake."

Ufagio mkononi mwa Mzee ulitulia.

"Mimi nimekuja kukagua, Mwalimu."

"Ndiyo. Na sisi tumepungukiwa *ni* moja tu. Haitakuchukua muda."

Mkaguzi aliitazama fomu yake. Alifunga kalamu kwa kifuniko, akaiweka mfukoni, akatembea mpaka mwisho wa safu ya nne na kusimama karibu na mvulana aliyemfika kiunoni. Ubeti ulianza. Ulizunguka kuta zote nne za darasa, kipande kwa kipande, kila safu ikiupokea kwa nyingine, na ulipofika mwisho, *tutafagia na ni...*, ukasimama. Mkaguzi alikuwa anasikiliza. Vichwa sitini na vitatu na cha mwalimu viligeuka kumtazama. Wa pembeni yake akamvuta shati.

"Ni," alisema Mkaguzi.

"Tena," alisema Mwalimu Vizibo, kabla hajajua anamwambia nani. "Kutoka mwanzo. Mizani haingoji mtu."

Mara ya pili aliipata pale pale ilipotakiwa. Mara ya tatu aliiomba mwenyewe.

Kisha mwalimu akasema, "Vaeni nguo ya kutokea," na daftari zikafunguliwa. Kwa nusu saa hapakuwa na sauti isipokuwa penseli, na mara moja moja mtoto akinyanyuka kwenda kuomba neno kwa mwenzake kwa kunong'ona. Kila mmoja aliandika ubeti ule, kisha akaongeza wa kwake, wa pili, akihesabu kwa vidole mezani. Mkaguzi alipita dawati kwa dawati. Sasa alisoma kuanzia mwanzo wa ukurasa. Alinyoosha kalamu ukutani na kuuliza neno hili la nani, na lile, na lile la juu kabisa. Kila mara mtu alisimama na kulijibia. Aliuliza kumi na moja. Hakukuta lisilo na mwenyewe.

Taarifa ilikuja baada ya wiki moja, na mwalimu mkuu aliisoma mbele ya walimu wote, akianza kwa sauti ya kazi na kumaliza kwa sauti nyingine. Kwenye mstari wa mapendekezo iliandikwa: *Mwalimu abaki na darasa lake.* Na juu yake, kwenye kisanduku cha vifaa vya kufundishia, ambapo watu huandika ramani, chati na rula, mkaguzi alikuwa ameandika: *Wanafunzi sitini na watatu, na mmoja wa kuazima.*

Makamu ndiye aliyeng'oa misumari. Hakukubali kusaidiwa. Aling'oa elfu moja na kitu, siku tatu, akiwa ameketi chini ya bango kwa koleo la fundi baiskeli, na alipomaliza alikuja kusema kwamba sasa vizibo vimeharibika, kila kimoja kina tundu katikati. Mama mkwe alikitazama kimoja dhidi ya mwanga.

"Umeharibu nini, mwanangu? Umetutobolea."

Akaomba uzi. Nilipofika darasani, kila mtoto alikuwa na uzi wenye vizibo kumi na sita, vyekundu mahali pake, unaovaliwa shingoni wakati wa kurudi nyumbani na kulazwa mezani wakati wa kutunga. Kadi zingine bado zilikuwa ukutani, zimechanika nusu. Watoto walikuwa wameandika nyingine mpya, na sentensi bora kuliko za kwanza. Gurudumu lilibaki jeupe. Fundi anasema linapendeza hivyo.

Na Nukta alirudi Jumatano ya wiki ile ile ya ukaguzi, shavu limepungua. Alikwenda moja kwa moja kwenye dawati lake la mwisho, akaligusa, akageuka kwa jirani yake.

"Nani alikaa mahali pangu?"

"Hakukaa. Alisimama. Mkaguzi."

Nukta alifikiri kidogo.

"Alisema vizuri?"

"Mara ya kwanza alichelewa."

"Ndiyo," alisema Nukta, akiketi. "Pale lazima uvute pumzi kwenye *na*. Angeniuliza."